Ahmad bin Naaman: Katibu wa Unguja aliyefika New York kwa meli ya matanga mwaka 1840

Tarehe 30 Aprili 1840, meli ya milingoti mitatu yenye bendera nyekundu isiyo na alama yoyote iliingia katika bandari ya New York. Iliitwa Sultana. Ilikuwa mali ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar, na mabaharia wake zaidi ya 50 walikuwa wameondoka Unguja mwezi Februari, joto la kaskazi likiwa limepamba moto. Aliyebeba dhamana ya safari yote alikuwa katibu wa Sultani, Ahmad bin Naaman Al-Kaabi.

Baada ya kipindi chetu kuhusu misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wasikilizaji kadhaa wa Kisarawe na Kibaha walituuliza: sandarusi iliyokuwa ikichimbwa huku zamani ilikwenda wapi? Jibu linatupeleka kwa mtu huyu, kwa sababu ndani ya Sultana yalikuwamo makasha 81 ya sandarusi. Leo tunasimulia maisha yake, na hasa ile miezi aliyoishi na watu wake ndani ya meli, kutoka jua la Unguja hadi baridi ya mwanzo wa machipuko huko Marekani.

Ahmad bin Naaman alikuwa nani?

Alikuwa Mwarabu wa kabila la Bani Kaab, kabila lenye asili ya pande za juu za Ghuba. Akaingia katika utumishi wa Seyyid Said na kupanda hadi kuwa katibu wake, mtu wa kuandika barua, kutunza hesabu na kusimamia biashara ya bwana wake.

Kazi ya katibu katika dola ile ilikuwa kubwa kuliko tunavyoielewa leo. Seyyid Said alikuwa mtawala, na papo hapo alikuwa mfanyabiashara. Meli zake zilikuwa na mizinga ya vita, lakini pia zilibeba tende, karafuu na pembe za ndovu kwenda kuuzwa. Kwa hiyo katibu wake alipaswa kujua adabu za barazani na bei za sokoni kwa pamoja. Ahmad alikuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo sababu alichaguliwa yeye.

Kwa nini Marekani?

Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini na Seyyid Said huko Maskati mkataba wa urafiki na biashara. Wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kununua na kuuza katika himaya ya Sultani kwa kulipa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts.

Meli za Salem zilileta vitambaa vya pamba. Hadi leo bibi zetu wanakijua kitambaa kile kwa jina la merikani, na jina hilo lilitokana na nchi kilikotoka. Zikirudi, zilibeba pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Faida kubwa ya biashara hiyo ilibaki kwa wenye meli. Seyyid Said akaona naye apeleke meli yake mwenyewe, auze mzigo wake huko huko, anunue anachotaka, na wakati huohuo apeleke salamu na zawadi kwa Rais wa Marekani.

Mzigo wa meli, na sehemu yetu ndani yake

Sultana ilijengwa Bombay mwaka 1833. Ilikuwa na ukubwa wa tani zaidi ya 300 na mizinga 14. Huko Maskati ilipakia magunia 1,300 ya tende, mazulia ya Uajemi marobota 21 na kahawa ya Mokha marobota 100. Ilipofika Unguja ikaongezewa pembe za ndovu 108, magunia 135 ya karafuu, ngozi kavu 1,000 na yale makasha 81 ya sandarusi.

Hapa tusimame kidogo. Tende na mazulia vilitoka ng'ambo. Karafuu ilitoka mashambani Unguja na Pemba, ambako kazi ilifanywa na watumwa. Pembe zilitoka bara, zikiwa zimebebwa mabegani mwa wapagazi hadi pwani. Na sandarusi ilitoka Mrima, yaani pwani hii ya bara inayotazamana na Unguja, na Uzaramo ulikuwa miongoni mwa maeneo yanayotajwa sana.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi. Ule unaotoka kwenye mti ulio hai huitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Sandarusi yenyewe ilikuwa imelala ardhini miaka mingi baada ya miti kufa, ikawa ngumu kama jiwe na yenye rangi ya asali. Watu waliitafuta kwa kuchimba vishimo kwenye udongo mwekundu wa mchanga, hasa ardhi ikiwa imelainishwa na mvua. Ililetwa pwani, ikavushwa kwa majahazi hadi Unguja, na kutoka hapo ikaenda kutengenezwa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi huko Ulaya na Marekani. Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha tangu miaka ya 1830. Misandarusi ipo hadi leo katika misitu yetu ya Kisarawe, ingawa wengi hupita chini yake bila kuijua.

Aliyechimba pande hizi hakujua meza za nani zingeng'arishwa kwa kazi yake. Jina lake halikuandikwa popote. Ahmad bin Naaman ndiye aliyekabidhiwa mzigo wote huo, na yeye ndiye aliyetakiwa kuugeuza kuwa fedha katika mji ambao watu wake hawakuwahi kuona meli ya Kiarabu ikija kufanya biashara.

Njia ya pepo

Meli ya matanga haiendi inakotaka wakati wowote. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, ndio huleta vyombo kutoka Arabuni hadi Unguja, na ndio huvisukuma kuelekea kusini. Kwa kuondoka Februari, Sultana ilipata kaskazi kabla haijaisha. Ikateremka kusini na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Upande wa pili, pepo za Atlantiki zinazovuma kutoka kusini mashariki zikaipeleka hadi Ikweta, na kutoka hapo ikapanda kaskazini.

Safari haikuwa rahisi kwa sababu nyingine pia. Nahodha aliyeajiriwa kuongoza njia alikuwa Mwingereza, William Sleeman, mtu aliyejulikana kwa ulevi. Fikiria hali ya Ahmad. Yeye ni mwakilishi wa Sultani, lakini si mwanamaji wa kupima nyota na kuchora ramani. Anayejua njia ni mtu asiyetegemeka, na kati yao kuna mabaharia zaidi ya 50 wanaotazama nani ana kauli ya mwisho. Safari nzima ilichukua muda unaokaribia miezi mitatu.

Mwaka mpya wa Kiislamu wa 1256 uliwakuta baharini, mwanzoni mwa Machi. Na kibla kilikuwa kikibadilika kadiri meli ilivyosonga. Unguja walikuwa wakielekea kaskazini, lakini walipofika juu ya Atlantiki, Makka ilikuwa mashariki kwao.

Kuishi ndani ya meli wakati wa baridi

Wiki za mwisho kabla ya New York ndizo zilizokuwa ngumu zaidi kimwili. Sisi tunaoishi Kibaha tunajua Aprili kuwa mwezi wa masika: mvua kubwa, tope barabarani, lakini hata usiku shuka moja inatosha. Atlantiki ya kaskazini mwezi huohuo ni kitu kingine. Majira ya baridi yametoka kupita, siku zinarefuka na jua linaonekana, lakini bahari bado haijapata joto.

Maji ya bahari ndiyo yanayoamua maisha ya ndani ya meli. Pwani yetu, mwezi Februari, maji hufikia nyuzijoto 28 au zaidi. Bandari ya New York, mwisho wa Aprili, maji huwa karibu nyuzijoto 10. Mbao za meli hushika ubaridi wa maji yanayozizunguka. Aliyelala chini ya sitaha amezungukwa na ukuta wa baridi usiku kucha, hata kama mchana jua liliwaka.

Tatizo la pili ni unyevu. Watu zaidi ya 50 wakilala mahali pamoja, pumzi zao zina joto na maji. Pumzi ikigusa mbao baridi hugeuka kuwa matone, nayo hudondokea nguo, mikeka na chakula. Ukifunga vifuniko vya sitaha ili kuzuia upepo, unyevu unabaki ndani pamoja na harufu ya ngama na shehena. Ukivifungua, baridi inaingia. Hakuna njia ya tatu, isipokuwa moto, na moto ndani ya chombo cha mbao chenye baruti ya mizinga 14 ni hatari inayoogopwa kuliko baridi. Jiko la meli huwashwa kwa kupikia, na bahari ikichafuka huzimwa.

Nguo nazo zilikuwa za kwetu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walivaa pamba nyepesi: shuka, kanzu, kilemba. Pamba ikilowa haikauki upesi kwenye hewa ya baridi, na haitunzi joto. Lakini kazi haisubiri. Matanga lazima yapunguzwe upepo ukizidi, na anayepanda mlingotini anashika kamba iliyolowa, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Anayetawadha alfajiri anatawadha kwa maji ya baridi kali. Chakula cha kawaida cha safari hizo kilikuwa wali, tende na samaki mkavu, na ladha yake haibadiliki kwa miezi.

Watu wengi hudhani meli ikishafika bandarini taabu imekwisha. Kwa upande wa baridi, bandarini panaweza kuwa pabaya zaidi. Baharini kazi yenyewe inatia mwili joto. Bandarini meli imefungwa, kazi imepungua, lakini ubaridi wa maji uko palepale, na usiku ni mrefu kwa mtu asiye na shughuli. Mabaharia wa Sultana hawakuwa na nyumba New York. Nyumba yao ilikuwa meli, na machipuko ya kule huchukua wiki kadhaa kabla ya usiku kuwa na joto la kutosha.

New York yawapokea

Mji uliwashangaa. Watu walimiminika gatini kuwaona wageni wenye vilemba na majoho, na magazeti yakaandika habari zao karibu kila siku. Baadhi walitaka kupanda melini ili watazame kwa karibu. Kwa watu waliokuwa wakipika, kulala na kuswali mahali hapohapo, ilikuwa kama kuishi sebuleni mbele ya umati.

Ahmad alijibeba kwa heshima iliyowavutia wenyeji wake. Halmashauri ya mji ilimkaribisha yeye na maofisa wake, ikawatembeza na kuwaandalia karamu. Ikaagiza pia picha yake ichorwe. Mchoraji Edward Mooney alimchora akiwa na kilemba, ndevu nyeusi na macho yanayotazama moja kwa moja. Picha hiyo ndiyo iliyofanya sura yake ijulikane hadi leo, na ipo katika jumba la makumbusho la Peabody Essex huko Salem.

Meli yenyewe ilikuwa imechoka. Jeshi la wanamaji la Marekani lilijitolea kuitengeneza bila malipo katika karakana yake ya Brooklyn, chini ya Komodoo James Renshaw. Kwa Ahmad huu ulikuwa msaada mkubwa na mtihani pia. Chombo cha Sultani kilichokuja kuonyesha uwezo wake kilikuwa mikononi mwa mafundi wa nchi nyingine, kikikarabatiwa mbele ya macho ya watu. Aliupokea kama mgeni anavyopokea ukarimu wa mwenyeji, akaendelea kuuza mzigo wake.

Kuna jambo jingine lisilopaswa kupitwa. Jimbo la New York lilikuwa limemaliza utumwa mwaka 1827, wakati majimbo ya kusini ya Marekani yakiendelea nao. Meli iliyoegeshwa pale ilitoka katika dola iliyotegemea kazi ya watumwa, na karafuu iliyouzwa pale ilichumwa na watumwa. Wanunuzi waliinunua. Pamba iliyofumwa merikani nayo ilitoka katika mashamba ya watumwa ya kusini. Biashara ile ilikuwa na mikono ya watu wasio huru katika pande zote mbili za bahari.

Zawadi zilizoleta mjadala

Seyyid Said alimtuma Ahmad na zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Zilikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali za Kashmiri, zulia la Uajemi na upanga uliopambwa kwa dhahabu.

Kwa desturi ya kwetu, zawadi ya mtawala kwa mtawala hairudishwi. Kuikataa ni kumvunjia heshima aliyetoa. Lakini Katiba ya Marekani inamkataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge lao. Van Buren akaeleza kwamba hawezi kuzichukua. Ahmad naye hakuweza kurudi nazo Unguja na kumwambia bwana wake kuwa zimekataliwa.

Suluhisho lilipatikana Julai 1840. Bunge la Marekani liliidhinisha zipokelewe kwa niaba ya taifa. Farasi waliuzwa na fedha zikaingia hazina ya serikali, na baadhi ya vitu vilihifadhiwa na baadaye vikaingia katika makumbusho ya taifa. Serikali ya Marekani nayo ilituma zawadi zake kwa Sultani. Hakuna upande uliovunja sheria yake, na hakuna upande uliofedheheka. Kwa mtu aliyekuja kuuza tende na pembe, hii ilikuwa kazi ya kidiplomasia ya kiwango cha juu.

Safari ya kurudi

Mapema Agosti 1840 Sultana iling'oa nanga. Safari hii aliyeongoza njia alikuwa Mmarekani, Sandwith Drinker, aliyeajiriwa kuchukua nafasi ya Sleeman. Melini kulikuwa na vitambaa vya pamba, shanga, sahani, bunduki na baruti, bidhaa zilizokuwa na soko Unguja na bara. Shanga na merikani ndivyo vilivyotumika kama fedha katika njia za misafara. Kwa maneno mengine, sehemu ya mzigo ule ilikuwa ikirudi kule ilikotoka sandarusi na pembe.

Drinker aliandika shajara ya safari, na ndani yake anaonekana mtu aliyechoshwa na hali ya melini na desturi asizozizoea. Ramadhani ya mwaka 1256 ilianza mwishoni mwa Oktoba, wakiwa bado baharini. Anayefunga huku akivuta kamba na kupiga bomba la ngama anajua maana ya saa ya magharibi. Walifika Unguja mwezi Desemba, karibu miezi kumi tangu waondoke.

Miaka iliyofuata

Ahmad aliendelea kumtumikia Seyyid Said. Mwaka 1842 meli ileile ya Sultana ilimpeleka mjumbe mwingine, Ali bin Nasir, hadi London. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirejea Unguja kutoka Omani. Dola ikagawanyika kati ya wanawe, na Unguja ikawa chini ya Seyyid Majid. Katibu wetu alibaki karibu na baraza katika kipindi hicho cha misukosuko, akiwa mzee mwenye uzoefu. Alifariki mwaka 1869.

Balozi au mfanyabiashara?

Vitabu vingi humwita Ahmad bin Naaman mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kwenda Marekani. Wengine husema safari yake ilikuwa ya biashara tu, na kwamba zawadi zilikuwa nyongeza. Kwa maoni yetu, swali hilo linatenganisha mambo ambayo zama zake hazikuyatenganisha. Bwana wake alitawala kwa biashara na kufanya biashara kwa utawala. Katibu aliyeuza pembe asubuhi na kujadili zawadi za Rais jioni alikuwa akifanya kazi moja.

Omani humkumbuka kama mtu wake, na ana haki hiyo. Mwaka 1986 meli ya matanga ya Omani, Shabab Oman, ilikwenda New York katika sherehe za miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru, ikifuata nyayo za Sultana. Lakini safari ya 1840 ilipakiwa Unguja, na Unguja ililishwa na Mrima. Wachimbaji wa sandarusi na wapagazi wa pembe walikuwa sehemu ya safari hiyo bila kukanyaga sitaha. Mabaharia waliotetemeka usiku wa New York nao hawakuchorwa picha.

Kwa wasikilizaji walioanza na swali: sandarusi iliyochimbwa Mrima ilikwenda hivyo. Ilivuka Atlantiki ndani ya makasha 81, chini ya miguu ya watu waliokuwa wakihangaika kujipatia joto, na mtu aliyeisimamia alikuwa Ahmad bin Naaman. Walimu wa historia wa Kisarawe na Kibaha wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi jambo hili wanaweza kuanza karibu kabisa: msandarusi mmoja msituni, na tone la chakazi kwenye gome lake.